Ufuo Wenye Wenyewe

Mimi ni mtoto wa kisiwani, lakini kisiwa chetu kimezungukwa na maji baridi. Nilizaliwa Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese, Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni, nilijifunza maneno ya bahari kabla ya kuiona bahari yenyewe: kusi na kaskazi, maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. Niliyakariri kama mtu anayekariri majina ya jamaa ambao hajawahi kukutana nao. Nilidhani siku nitakapoiona bahari, itakuwa Mombasa au Zanzibar. Mungu akapanga vingine. Bahari yangu ya kwanza ilikuwa Karibi.

Ilitokea hivi. Mama mdogo, ambaye ni muuguzi katika kisiwa cha Antigua, alijifungua mtoto wa pili, akaniomba niende kumsaidia kulea wakati wa likizo ndefu. Nauli alilipa yeye.

Wiki moja kabla sijaondoka, baba mdogo alinijia na karatasi. Marehemu baba alituachia kibanja kando ya ziwa, na sasa kulikuwa na mwekezaji aliyetaka kukinunua ajenge hoteli. Kila mrithi alitakiwa kutia saini. Kaka yangu alikuwa amekwisha kutia yake. Fungu langu lingetosha karo ya mwaka wa mwisho, nami sikuwa na mahali pengine pa kuitoa.

"Pale hapana kitu, mwanangu," baba mdogo aliniambia. "Ni mchanga na vichaka tu. Uzuri hauliwi."

Nilimjibu kwa heshima kwamba nitatia saini nikirudi. Kwa kweli, moyoni nilikuwa nimekwisha kutia.

Baada ya mwezi mmoja na nusu wa nepi na usiku usio na usingizi, mama mdogo alinihurumia. Alinipa siku moja ya mapumziko na nauli ya kivuko. "Nenda Barbuda," alisema. "Huku kwetu utakuta watalii kila mahali. Kule utakuta bahari."

Antigua na Barbuda ni visiwa viwili katika nchi moja iliyopata uhuru mwaka 1981, lakini havifanani. Antigua ina vilima, mahoteli na meli kubwa za watalii. Barbuda ni tambarare, ina kijiji kimoja tu, Codrington, na watu wake hawafiki 2,000. Kivuko kilitumia kama saa moja na nusu. Mimi niliyekua ndani ya mitumbwi nilitapika njia nzima, na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko kichefuchefu.

Mzee mmoja mvuvi alinivusha kwa boti kutoka kijijini hadi ng'ambo ya wangwa mkubwa ulio upande wa magharibi. Kaskazini ya wangwa huo, kwenye mikoko, huzaliana maelfu ya ndege weusi wa baharini ambao madume yao huvimbisha koo jekundu kama puto. Upande wa pili wa wangwa kuna ukanda mwembamba wa mchanga, na nje ya ukanda huo ndiyo bahari. Hapo ndipo aliponishusha.

Msomaji, sikuwa nimewahi kuona mahali kama pale. Mchanga ulikwenda kaskazini na kusini mpaka jicho likachoka kuufuata. Hapakuwa na kibanda, wala mwavuli, wala muuza soda, wala muziki. Nilipochota mchanga kiganjani, niliona una rangi ya waridi, kwa sababu umechanganyika na vipande vidogo mno vya makombe. Maji yalikuwa ya kijani kibichi karibu, na buluu nzito mbali. Nyayo zilizokuwapo zilikuwa zangu na za yule mzee.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kitoto. Nilichomeka kijiti mchangani, pale pale maji yalipoishia, ili nishuhudie kwa macho yangu maji yakipwa. Nilikuwa nimesoma kwamba katika pwani ya Afrika Mashariki bahari hushuka zaidi ya meta 3 wakati wa bamvua, na watu hutembea kwa miguu mahali palipokuwa na kina asubuhi. Nikaketi kusubiri. Baada ya saa tatu hivi, maji yalikuwa yameshuka kiasi cha shubiri moja.

Mzee aliponiona nakitazama kijiti, alicheka sana. Aliniambia kwamba bahari yao haina haraka, kupanda na kushuka kwake ni kidogo tu. Nami nikacheka. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ndege tatu kuja kuona bahari inayotulia kama ziwa la kwetu.

Nilitaka kumsifia mahali pake, nikamwambia, "Hapa pazuri sana, Mzee. Hapana kitu."

Hakukasirika, lakini aliacha kucheka. Akaanza kunyoosha kidole. Pale, alisema, ndipo marehemu mjomba wake alipokuwa akiweka mitego ya kambakoche. Pale penye mizabibu-bahari, familia yake hupiga kambi siku za Pasaka, watoto wakalala kwenye hema na watu wazima wakachoma samaki. Kule mbele, mawimbi ya kimbunga yalipasua ukanda wa mchanga, na bahari ikaingia wangwani.

Kimbunga hicho kilikuwa Irma. Kiliipiga Barbuda usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 2017, kikaharibu karibu nyumba zote. Siku chache baadaye, kwa kuwa kimbunga kingine kilikuwa njiani, watu wote walihamishiwa Antigua. Kisiwa kilichokaliwa kwa karne kadhaa kikabaki na punda, mbwa na farasi.

Mzee alinieleza kwamba tangu utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, Wabarbuda wameihesabu ardhi yao kuwa ya wote. Kabla ya hapo kisiwa chote kilikodishwa kwa ukoo mmoja wa Kiingereza, Codrington, kuanzia 1685, na kodi yenyewe ilikuwa kondoo mnono mmoja. Waliofanyishwa kazi kwa lazima ndio waliobaki wakilima, wakivua na kufuga bila kugawana hati. Mwaka 2007 sheria iliandika desturi hiyo: ardhi ni ya Wabarbuda kwa pamoja, kila mmoja ana haki ya kupewa sehemu ya kujenga na kulima, na haiuzwi.

"Sasa," alisema, "tulipokuwa tumelala katika kumbi za Antigua, huku nyuma matingatinga yalianza kufyeka msitu ili kujenga uwanja wa ndege mpya."

Sheria ile ilibadilishwa mwaka uliofuata. Watu walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya mwisho ya rufaa iliyoko London iliamua kwamba haki yao juu ya ardhi haikuwa miliki inayolindwa na katiba. Upande wa kusini wa kisiwa, leo zinajengwa nyumba za matajiri na uwanja wa gofu.

Nilimwuliza kama anawachukia wajenzi hao. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mwanawe wa kiume ni dereva wa tingatinga huko huko. Ana mke na watoto wawili, na kazi ya kuvua haitoshi. "Simlaumu," alisema. "Lakini akija kula kwangu, hatuzungumzii kazi."

Alirudi kwenye boti kushughulikia nyavu zake, akaniacha peke yangu. Sikuogelea tena. Nilikuwa nimemkumbuka jjajja, bibi yangu mzaa baba.

Jjajja alisimuliwa na mama yake habari za malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu wengi mno kando ya Ziwa Viktoria, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa Ssese wote, ikavifunga visiwa. Nia ilikuwa kuokoa maisha, kama ilivyokuwa Barbuda, na sitaki kusema vinginevyo. Lakini waliporuhusiwa kurudi baada ya miaka mingi, walikuta msitu umemeza mashamba, na wengi wakajikuta wapangaji kwenye ardhi ambayo hati zake zimo mikononi mwa watu wanaoishi mbali. Tangu miaka ya 2000 sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imekatwa, ikapandwa michikichi. Kila mara wageni walipokuja, walianza kwa kusema neno lile lile: hapa hapana kitu.

Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni. Nilikuwa naichukulia kama hadithi ya wazee, ya kusikilizwa huku mtu anasubiri chakula kiive. Nilihitaji kuketi kwenye mchanga wa watu wengine, na kulitamka neno lile kwa kinywa changu mwenyewe, ndipo niisikie.

Saa tisa mzee alinirudisha kijijini. Nilimlipa, akanirudishia sehemu ya fedha, akasema ni za mtoto wa mama mdogo.

Niliporudi Bugala, sikwenda kwanza kwa baba mdogo. Nilimwomba jjajja tufuatane mpaka kibanjani. Anatembea kwa fimbo, hivyo tulitumia asubuhi nzima. Nilimwomba anionyeshe, kama nilivyoonyeshwa. Akanionyesha mwamba ambapo wanawake walianika mukene. Akanionyesha mahali baba alipokuwa akiufunga mtumbwi wake, na kisiki cha mti aliouegemea akishona nyavu. Akanionyesha kaburi dogo, halina msalaba wala saruji, la mtoto wake wa kwanza. Sikuwa nimejua kwamba baba alikuwa na kaka. Sidhani kama baba mdogo anajua.

Jioni ile nilimwambia baba mdogo kwamba sitatia saini mpaka ukoo mzima ukae, na jjajja aseme mbele ya wote yale aliyoniambia. Alikasirika. Alisema nimekwenda Ulaya nikarudi na kiburi. Nilimwambia sikwenda Ulaya. Mpaka leo salamu zake kwangu ni fupi, nami namwelewa, kwa sababu ana watoto watano na mtumbwi mmoja uliochakaa. Aliposema uzuri hauliwi, alikuwa anasema kweli.

Kikao cha ukoo bado hakijafanyika. Fedha alizonipa mama mdogo nilipoondoka zimelipa karo ya muhula mmoja. Muhula wa pili unaanza baada ya wiki sita, na sijui nitaulipia kwa nini. Huenda nikaahirisha masomo mwaka mzima, huenda ukoo ukaamua kuuza. Wakiamua hivyo baada ya kujua kinachouzwa, nitatia saini kama wenzangu.

Mwalimu wetu wa fasihi alituuliza darasani tofauti ya maneno "tupu" na "wazi". Wenzangu walijibu vizuri, kwa mifano ya chupa na milango. Mimi sikunyoosha mkono. Nilikuwa nawaza kijiti nilichokiacha kimesimama kwenye mchanga wa Barbuda, shubiri moja juu ya maji, na yule mzee akiwa amenyoosha kidole akinitajia majina ya watu.