Kutafuta Kosa Kabla ya Kulisahihisha

Nyumbani kwetu tunayo kompyuta ndogo ambayo kazi yake ni moja tu: kuonyesha filamu. Picha huenda kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, na sauti huenda kwenye spika sita tulizozinunua kwa mtu aliyekwisha kuzitumia: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma, na moja kubwa ya sauti nzito. Jumamosi moja tuliichukua kompyuta hiyo mpaka ukumbi wa chuo, ili wanachuo wa mwaka wa pili waitazame filamu ya The First Grader, iliyotoka mwaka 2010. Filamu hiyo yasimulia habari za Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Spika zetu sita zilikuwa mzigo mzito, basi tuliziacha nyumbani, tukachomeka nyuma ya kompyuta spika mbili za chuo.

Filamu ikaanza. Picha ilikuwa safi, muziki ukasikika, hata vishindo vikasikika. Lakini watu walipofumbua vinywa vyao, hapakutoka neno.

Hapo tukafanya kila jambo ambalo huwa tunawakataza wanachuo wetu. Tuliongeza sauti, muziki ukatuumiza masikio. Tukabadili waya wa HDMI, ingawa sauti haikuwa ikipita katika waya huo. Tukabadili programu ya kuonyeshea filamu, tukavuruga mipangilio ya picha, tukaizima televisheni na kuiwasha tena. Baada ya dakika 40 hata picha ilikuwa imetoweka, nasi hatukuweza kusema ni lipi kati ya matendo yetu lililoiondoa.

Katikati ya hekaheka hiyo mwanachuo mmoja aliyeketi nyuma alisimama akasema, “Samahani, Mwalimu. Mbona muziki twausikia, yanakosekana maneno tu?” Tulimjibu kwa ukali kwamba akae chini, tuna kazi. Akaketi. Wenzake wakacheka kidogo, na haukupita muda wakatawanyika.

Usiku ule swali lake halikutupa usingizi. Kama muziki ulisikika, basi spika zilikuwa nzima, waya wake ulikuwa mzima, na programu ilikuwa ikifanya kazi. Kilichopotea kilikuwa kitu kimoja, na kilipotea chote. Tukakumbuka kwamba filamu nyingi za sinema huwa na njia sita za sauti. Muziki na vishindo hutawanywa katika njia kadhaa, ila mazungumzo aghalabu huwekwa katika njia ya katikati. Kompyuta yetu ilikuwa bado imepangwa kwa spika sita za nyumbani. Kwa utii kamili iliyapeleka maneno kwenye tundu la spika ya katikati, na tundu hilo halikuwa na waya wowote. Tulifungua mipangilio ya sauti, tukachagua spika mbili, nayo ikayachanganya maneno pamoja na muziki. Kazi hiyo haikutuchukua hata dakika 2.

Lililotuchoma zaidi ni jambo jingine. Majuma mawili kabla ya hapo, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulimkagua mwanachuo huyohuyo katika darasa la tatu. Mtoto mmoja alikuwa ameandika 52 – 38 = 26, na 64 – 27 = 43. Mwanachuo hakutia alama ya kosa akapita. Alichutama kando ya dawati akasema, “Hebu nionyeshe ulivyofanya.” Mtoto akaeleza: 8 toa 2 ni 6, 5 toa 3 ni 2. Kumbe katika kila safu alikuwa akiitoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Ndiyo maana 68 – 25 alikuwa ameipata bila taabu. Sisi, tuliokuwa tukiitazama saa, tuliandika katika fomu ya tathmini kwamba mwalimu huyu hupoteza muda kwa mwanafunzi mmoja, tukampunguzia alama.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya namna hii katika hesabu za kutoa. Walionyesha kwamba mara nyingi mtoto anayekosa habahatishi. Anafuata utaratibu wake kwa uaminifu, ila utaratibu wenyewe una kasoro, mithili ya programu ya kompyuta yenye hitilafu. Mtoto wa aina hiyo ukimwambia “ongeza bidii”, umeongeza sauti tu. Maneno bado yanakwenda kwenye tundu lisilo na waya.

Basi, ndugu walimu watarajiwa, ikiwa mbele yenu ni mashine au ni daftari, yawapasa kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, tazama kilicho sawa pamoja na kisicho sawa. Picha ikionekana vizuri lakini kingo zake zimekatwa, usiilaumu filamu. Mara nyingi televisheni ndiyo inayoikuza picha, na dawa imo katika mipangilio yake.

Pili, igawe njia vipande. Sauti isiposikika kabisa katika televisheni, sikiliza kwanza kwa spika za kompyuta yenyewe. Ikisikika huko, filamu na programu ni nzima. Yamkini kompyuta haijaelekezwa kuipeleka sauti kwenye televisheni.

Tatu, badili jambo moja tu, ulijaribu, na lisipofaa ulirudishe lilivyokuwa. Televisheni huchukua muda kidogo kuitengeneza picha, hivyo sauti ya spika za pembeni yaweza kuitangulia midomo. Ichelewesha sauti kidogo katika programu, utazame, ndipo uguse kingine.

Jumatatu tulimwomba radhi mwanachuo yule mbele ya darasa lilelile lililomcheka. Kwa kuwa alama zilikuwa hazijapelekwa, fomu yake tuliiandika upya, na pale tulipokuwa tumeandika kwamba hupoteza muda, tukaandika kwamba huuliza kabla ya kusahihisha. Jumamosi iliyofuata filamu ilionyeshwa mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyeunganisha waya; sisi tuliketi nyuma.