Kutoka Albert Square hadi All Saints

Nilifika Albert Square nikijua kwamba sitaingia ndani. Town Hall ya Manchester, makao ya halmashauri ya jiji, ilifungwa Januari 2018 kwa ukarabati, na uzio wa mafundi ulikuwa bado umelizunguka jengo. Hata hivyo nilisimama pale muda mrefu. Mnara wa saa umepanda mita 85 hivi. Msanifu wake, Alfred Waterhouse, aliufuata mtindo wa makanisa makuu ya kale, na jengo likafunguliwa mwaka 1877, enzi ambayo pamba ndiyo iliyoutajirisha mji huu. Ndani kuna picha 12 za ukutani za Ford Madox Brown zinazosimulia historia ya Manchester, na sakafuni nyuki waliopambwa kwa vijiwe, alama ya jiji la wachapa kazi.

Nyaya, mabomba na paa vilikuwa vimechakaa. Madiwani wakaidhinisha ukarabati wa zaidi ya pauni milioni 300. Ni fedha nyingi mno, na wananchi wana haki ya kuhoji kila senti. Mimi nawaunga mkono madiwani. Jengo la umma likishauzwa, raia hugeuka mteja.

Ushahidi hauko mbali. Kule Peter Street lipo jengo la Free Trade Hall, lililojengwa miaka ya 1850 mahali ambapo mwaka 1819 askari wa farasi waliwavamia watu waliokusanyika kudai haki ya kura. Halmashauri iliuza ukumbi huo miaka ya 1990. Ukuta wa mbele umebaki, lakini nyuma yake sasa ni hoteli.

Mpwa wangu, anayesoma mjini humo, alikuja kunipokea, tukateremka na Oxford Road mpaka All Saints. Nilimwonyesha nguzo nene za Kigiriki za iliyokuwa Town Hall ya Chorlton-on-Medlock.

“Mjomba, hapa napita kila siku nikienda darasani,” akasema.

Nikamwomba asome kibao. Humo ukumbini, Oktoba 1945, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Jomo Kenyatta alikuwapo, na Kwame Nkrumah, George Padmore, Hastings Banda, na mzee W. E. B. Du Bois. Vita vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na watu hawa walikaa katika ukumbi wa mtaa, si wa wakubwa, wakadai uhuru bila kubembeleza. Mwaka uliofuata Kenyatta akarejea Kenya.

Ukumbi wenyewe haupo. Ulibomolewa ili chuo kipate nafasi, na sheria ya kulinda majengo ya kale ikatosheka na uso wake. Liliniuma jambo hili. Nilitaka kuona dari waliyoitazama wakichoka na hotuba. Chuo kilihitaji madarasa, hilo naelewa. Lakini nani alisimama siku ulipobomolewa kuusemea ukumbi ule? Wengi waliohutubia mle walikuwa watu wa nchi za mbali, marais wa baadaye wakiwamo, hawakuwa wapiga kura wa Manchester.

Mpwa alikuwa bado anasoma kibao.

“Na Nyerere je, Mjomba, alikuwapo?”

Nikamjibu hapana, mwaka ule ndiyo kwanza anamaliza Makerere. Uingereza alikuja baadaye, 1949, akasoma Edinburgh.

“Edinburgh si mbali kwa treni,” akasema, na papo hapo akatoa simu atazame nauli.