Kipaji kilimsubiri Shirley Horn, mguu haukumsubiri

Ukiwauliza wapenzi wa jazi wakutajie waimbaji wanawake wa Marekani, wengi wataanza na Ella Fitzgerald, Billie Holiday au Sarah Vaughan. Jina la Shirley Horn litachelewa kutajwa, na wengine hawatalikumbuka kabisa. Lakini kwa mzazi aliyewahi kuweka pembeni kazi aliyoipenda ili alee, huyu ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Horn alizaliwa Washington, mji mkuu wa Marekani, Mei 1, 1934. Akiwa na miaka minne tayari alikuwa anakaa kwenye piano iliyokuwa sebuleni kwa bibi yake. Alipofika miaka 12 alikuwa anasoma muziki katika Chuo Kikuu cha Howard, kwenye masomo ya watoto. Baadaye alipata nafasi Juilliard, chuo cha muziki chenye jina kubwa kilichopo New York, lakini nyumbani hakukuwa na fedha za kumpeleka. Akabaki Washington.

Kuimba hakukuwa kwenye mipango yake. Alisimulia mwenyewe kwamba akiwa na miaka 17, akipiga piano kwenye mgahawa, mteja mmoja alimjia na mwanasesere mkubwa wa dubu. Akamwambia utakuwa wake akimwimbia wimbo mmoja. Horn alikuwa na aibu nyingi, ila mwanasesere aliutaka. Akaimba.

Mwaka 1960 alirekodi albamu yake ya kwanza, Embers and Ashes, chini ya kampuni ndogo. Haikufika mbali madukani, lakini ilimfikia Miles Davis, mpiga tarumbeta aliyekuwa tayari na jina kubwa. Davis alimpigia simu akimtaka aende New York kufungua maonyesho yake kwenye klabu ya Village Vanguard. Horn alidhani anataniwa. Alisimulia kwamba alipofika nyumbani kwa Davis, aliwakuta watoto wa mwenyeji wake wakiimba nyimbo za albamu ile. Hapo ndipo alipoamini.

Milango ilifunguka. Mwaka 1963 zilitoka albamu mbili, Loads of Love na Shirley Horn with Horns, lakini studio walitaka aimbe tu, piano wapige wengine. Hakupendezwa, na ukimsikiliza utaelewa kwa nini. Horn aliimba polepole kuliko karibu kila mtu. Alitamka neno, akanyamaza, piano ikajibu, ndipo likaja neno jingine. Mtu mwingine akikaa kwenye piano hawezi kujua atavuta pumzi wapi. Kwake, mikono na sauti vilikuwa kitu kimoja.

Akaja kwenye njia panda ambayo wazazi wengi wanaijua. Alikuwa na mume na binti mdogo. Mwanamuziki wa jazi aliyetaka kupanda alipaswa kusafiri, wiki hadi wiki, mji hadi mji. Horn aliamua binti yake hatalelewa kwa simu. Kwa miaka mingi alifanya kazi zaidi kwenye klabu za Washington na Baltimore, mahali ambapo angeweza kupiga usiku na kurudi nyumbani.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Katika miaka ambayo wanamuziki wengi hujijengea jina, yeye alirekodi kwa nadra. Nje ya eneo lake, wengi walimsahau.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mzazi asilipite haraka. Horn alipunguza safari, lakini hakufunga piano. Aliendelea kupiga mbele ya watu, hata kama ukumbi ulikuwa mdogo. Alijenga kikundi cha watu watatu, Charles Ables kwenye besi na Steve Williams kwenye ngoma, na wakakaa pamoja zaidi ya miaka 20. Walimzoea hata kimya chake wakakielewa. Mwaka 1978 alirekodi A Lazy Afternoon kwa kampuni ya Denmark, na aliyeisikia alijua kipaji hakijapata kutu.

Mwaka 1987, akiwa na miaka 53 na binti yake akiwa mtu mzima, kampuni kubwa ya Verve ilitoa albamu yake I Thought About You, iliyorekodiwa mbele ya watu Hollywood. Safari hii alikuwa kwenye piano yake. Miaka michache baadaye ikaja You Won't Forget Me, na Miles Davis, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kusindikiza waimbaji, akaja kumpigia tarumbeta. Davis alifariki dunia Septemba 1991. Mwaka 1998 Horn alitoa albamu ya kumkumbuka, I Remember Miles, iliyompa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Alikuwa na miaka 64.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu kabisa. Haikuishia hapo, kwa sababu Horn alikuwa na kisukari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo ulisababisha akatwe mguu, sehemu ya wayo. Kwa mpiga piano, mguu ndio unaokanyaga pedali inayofanya sauti iendelee kulia baada ya kidole kuinuka, na muziki wa Horn uliishi ndani ya sauti hizo zinazofifia taratibu. Kwenye albamu ya May the Music Never End ya mwaka 2003, aliimba huku piano ikipigwa na wengine, kama ilivyokuwa mwaka 1963. Mara hii aliyemwondoa kwenye kiti chake hakuwa mtayarishaji wa studio. Baadaye alijikaza akarudi kupiga, lakini muda haukuwa mrefu. Alifariki dunia Oktoba 20, 2005, akiwa na miaka 71.

Hapa si mahali pa kumlaumu marehemu. Kisukari kinaweza kumdhuru hata anayejitunza. Lakini kisa chake kinaweka mambo mawili mezani kwa mzazi. Kipaji kinaweza kusubiri miaka 20 kama unakilisha kidogo kidogo. Mwili hausubiri hivyo.

Sukari ikibaki juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Miguu huanza kuchomachoma au kufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari au kiatu kinambana, hasikii. Kidonda kidogo kinapata maambukizi, damu haifiki vizuri, hakiponi. Mara nyingi safari ya kukatwa mguu huanzia kwenye kidonda ambacho mgonjwa alikiona kidogo, au hakukiona kabisa.

Na wazazi ni hodari wa kuahirisha. Kadi ya kliniki ya mtoto haipitwi na tarehe, ya mama inakaa kabatini. Baba anasema ataenda kupima ada ikishalipwa. Ada ikilipwa, kuna sare.

Kama una kisukari, nenda kliniki tarehe uliyopangiwa, na omba miguu yako ichunguzwe pia, siyo sukari peke yake. Kila siku ioshe, ikaushe vizuri hadi katikati ya vidole. Usitembee peku hata ndani ya nyumba. Usiikande kwa maji ya moto wala kuiota kwenye jiko, maana mguu wenye ganzi unaungua bila wewe kujua. Ukiona lengelenge, kidonda au rangi iliyobadilika, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Usiku wa leo, watoto wakishakula, tafuta You Won't Forget Me kwenye simu yako. Ni muziki wa kusikilizwa ukiwa umekaa. Wakati unasikiliza, vua soksi uangalie nyayo zako. Kama huwezi kuinama, tumia kioo, au mwite mtoto akuangalizie.