Alasiri Katika Milima ya Dhofar

Upepo wa kusi tunaujua sote. Ndio uliokuwa ukijaza matanga ya majahazi yaliyotoka Lamu na Mombasa kuelekea Arabuni. Ufikapo Oman, katika milima ya Dhofar iliyo nyuma ya mji wa Salalah, upepo huo hugeuka ukungu na manyunyu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, wakati sehemu kubwa ya Bara Arabu inaungua kwa jua, milima hii huvaa kijani. Wenyeji huuita msimu huo kharif.

Tulijaaliwa kutembea katika bonde la Wadi Darbat baada ya swala ya Alasiri, msimu ukielekea ukingoni na ukungu umekwisha kufunuka. Familia zilitandika mikeka majanini, akina mama wakimimina chai, watoto wakichezea maji ya kijito. Ng'ombe na ngamia walilisha bila ya kamba, na yangeyange wakawafuata nyuma wakidonoa wadudu. Mitini tuliona viota vya mnana vikining'inia, na chozi akirukaruka katika maua, tukajihisi tuko kwetu. Hata mibuyu imo Dhofar, katika bonde la Wadi Hinna, minene kama ile ya pwani yetu.

Sura ya Al-Ghashiya inatuita tumtazame ngamia jinsi alivyoumbwa. Tulimtazama kwa utulivu: kope zake ndefu zinazozuia mchanga, midomo yake isiyoogopa miba, na shingo inayofika matawi ambayo mbuzi hayawezi. Na hapo ndipo penye mtihani wa milima hii.

Mvua ya kharif ni haba. Maji mengi huvunwa na miti yenyewe: ukungu hugusa majani, hugeuka matone, na matone hudondoka shinani yakazama ardhini. Mti ukiondoka, ukungu hupita na kwenda zake, na ardhi hubaki na kiu. Mifugo siku hizi ni mingi kuliko zamani, na matawi huliwa kabla ya kukomaa. Ngamia hana lawama, kwani anakula riziki yake. Kipimo kimewekwa mikononi mwa mwanadamu, na yeye ndiye atakayeulizwa.

Nasi tuna amana kama hiyo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Boriti za nyumba zetu zilitoka humo, na nyingine zilisafirishwa hadi Arabuni kujengea nyumba za huko. Mizizi yake hulea vifaranga vya samaki na kaa, na huvunja nguvu za mawimbi. Anayekata bila ya kupanda anapunguza kitoweo cha wajukuu wake.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mche anaoupanda Muislamu, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi enyi wazazi, chagueni alasiri moja katika juma, mkatembee na wana wenu ufukweni au shambani. Wafundisheni majina ya ndege watatu na miti mitatu, kisha pandeni mmoja pamoja. Mtoto hawezi kukihifadhi asichokijua hata jina.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa neema zake. Amin.