Wasomaji Waliotaka Vita

Marehemu kaka yangu alikuwa baharia, na ndiye aliyenifundisha Kiingereza bila ya kukusudia. Kila aliporudi Unguja alinishushia vitabu alivyobadilishana na mabaharia wenziwe, vitabu vyenye majalada ya vyombo vya anga vikirushiana miale. Skuli niliiacha mapema. Vitabu hivyo, na kamusi moja iliyokatika mgongo, ndivyo vilivyokuwa walimu wangu.

Katika shehena yote hiyo, tulioupenda zaidi ni mfululizo wa Vorkosigan wa Mmarekani Lois McMaster Bujold, ulioanza mwaka 1986 kwa kitabu Shards of Honor. Humo Cordelia Naismith, nahodha wa chombo cha utafiti, anatekwa na Aral Vorkosigan katika sayari mpya isiyokaliwa, na mwisho wa yote anaolewa naye. Vitabu vingi vilivyofuata vilimhusu mwana wao Miles, mwenye mifupa dhaifu na ulimi mkali, aliyejikusanyia jeshi la mamluki kabla hajatimiza miaka ishirini. Vitabu vitatu kati ya hivyo vilipata tuzo ya Hugo. Mimi na kaka tulivisoma kwa kushindana, kama watu wanavyoshindana bao barazani.

Basi mwanzoni mwa mwaka 2016 kikatoka Gentleman Jole and the Red Queen, na wasomaji wakagawanyika.

Kisa chenyewe ni hiki. Aral amekwisha kufa. Cordelia ana miaka sabini na sita, naye ni liwali wa Sergyar, sayari ile ile alikotekwa ujanani. Miaka mitatu ya ujane imepita. Anaamua kupata mabinti kwa mbegu alizoziacha mumewe katika hifadhi, na pale pale penzi linachipuka baina yake na Amiri Jole, mkuu wa manowari za sayari hiyo, ambaye anakaribia kutimiza miaka hamsini. Hakuna vita. Kuna mzozo wa vifaa vya ujenzi, kuna sherehe ya kuzaliwa, kuna mtu aliyepewa cheo kikubwa zaidi naye hajui kama anakitaka.

Waliolalamika walilalamika kwa sauti kubwa. Wengine walisema hakuna kinachotokea, na kwamba wamelipia mizinga wakapewa mazungumzo ya chai. Wengine kilichowaumiza ni jambo jingine: kitabu kinafichua kwamba Jole alikuwa mpenzi wa Aral miaka mingi, Cordelia akijua na kuridhia, hata wakawa watatu. Wakarudi kwenye Barrayar ya mwaka 1991, ambamo adui anataka kumtia Cordelia uchungu kwa kumtajia mapenzi ya zamani ya mumewe na mwanamume, naye akamnyamazisha kwa jibu fupi. Hawa wakasema jibu lile lilifunga mlango. Wale wakasema liliuacha wazi. Nililifuata shauri hilo kwa jicho la mfasiri, maana nguvu yote ya jibu imo katika wakati wa kitenzi, na wakati wa kitenzi ndio waliougombania. Jole mwenyewe alikuwamo tangu The Vor Game ya mwaka 1990, luteni wa pembeni asiyetazamwa na mtu.

Palikuwa na kundi la tatu, lisilopiga kelele: watu wazima waliosema kwamba hatimaye wamepata kitabu chao. Mwandishi naye alikuwa na miaka sitini na sita.

Kaka alinipigia simu kutoka bandari ya mbali. "Mdogo wangu, nimefika ukurasa wa mia mbili, hajafa hata kuku!" Kisha akasema kwa hasira ya kweli kwamba mjane wa Aral Vorkosigan hana haki ya kucheka na mwanamume mwingine. Nikamuunga mkono. Msomaji asinicheke. Aral alikufa katika kurasa za mwisho za Cryoburn, mwaka 2010, na habari yake ikafuatiwa na vipande vitano, kila kimoja maneno mia kamili. Nilijaribu kuvitia katika Kiswahili kwa mazoezi tu, nikashindwa na hesabu: kitenzi chetu humeza mtenda, wakati na mtendwa kwa mkupuo mmoja, na mia ikashuka mpaka kama sabini. Nilivihangaikia usiku mwingi. Kwa hiyo nilikuwa na matanga yangu kwa mtu asiyepata kuwako, na matanga hayo, kwa hesabu ya kalenda ya wasomaji, yalikuwa ya miaka sita. Sikutaka mkewe ayavunje kabla yangu.

Kaka alifariki mwaka 2019. Miaka mitatu baadaye shemeji yangu alichumbiwa na mwalimu mstaafu, mtu mpole wa jirani. Eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikwisha zamani; hakuna sheria wala mila aliyoivunja. Lakini tulinung'unika, na mimi nilikuwa wa mbele. Siku ya nikahi nilijitafutia safari ya Pemba.

Nilipokifungua tena kitabu kile, katika sanduku la marehemu, sikuwa na nia njema. Nilitaka kumsikia kaka akigomba. Lakini safari hii nilikuwa nimempita Jole umri, na kurasa nilizoziona tupu hazikuwa tupu tena. Nikarejea Shards of Honor. Sisi tuliodai kwamba mfululizo huu ulikuwa wa vita tulikuwa tumesahau unavyokwisha ule wa kwanza: mapigano yamemalizika, na chombo kimoja kinazunguka gizani kuokota maiti zinazoelea, za pande zote mbili. Mhudumu wa kike anawasafisha na kuwastiri wafu mmoja mmoja, mpaka anafikia maiti ya binti yake. Kisa hicho nilikisoma ujanani nikakipitia mbio, nikitafuta kitabu kinachofuata.

Mwezi uliopita nilikwenda kumrudishia shemeji lile sanduku. Mumewe alikuwa msikitini. Akaniuliza ni kitabu gani kile kilichomfanya marehemu agombe kwenye simu mpaka jirani wakasikia. Sikuwa na pa kujificha. Nikamsimulia, mjane, liwali, amiri, mabinti watakaozaliwa. Alisikiliza huku akimenya machungwa.

"Na mwanawe, alisemaje?"

Nikamwambia kwamba Miles alifunga safari na mkewe na watoto wake wote, kutoka sayari nyingine, kuja kumuuliza mama yake ana nini.

Shemeji akanitazama kidogo. "Angalau yeye alikuja," akasema, akanisogezea sahani ya machungwa.