Kikohozi cha Chooni

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka sita na miezi kadhaa niliposafiri naye kutoka Bujumbura kwenda Kigoma, kwenye harusi ya upande wa baba yake. Tulishika njia ya ziwani, tukapita Rumonge na Nyanza-Lac, kisha tukavuka mpaka wa Mugina na Manyovu. Njiani alikunywa chupa nzima ya juisi. Sikumkataza, kwa sababu ilimfanya atulie na mimi nilikuwa na kitabu cha fasihi simulizi cha kumaliza kabla ya mtihani. Aliyewahi kusafiri na mtoto anajua juisi ile iliishia wapi.

Basi liliposimama katika kituo kimoja upande wa Tanzania, nilimshika mkono tukaenda chooni. Mlangoni alikaa mzee mwenye meza ndogo, kopo la sarafu na karatasi zilizokatwa vipande. Nilimwamkia, nikalipa. Wanawake kulia, wanaume kushoto. Nikageukia kulia pamoja naye, kama nilivyofanya siku zote. Mama mmoja kwenye foleni akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Dada, huyu si mtoto tena." Hakusema kwa ubaya. Lakini mtoto alisikia, akauchomoa mkono wake. "Mama mdogo, mimi mwanamume," akaniambia, akaingia kushoto.

Nikangoja. Wanaume wawili wakaingia, mmoja akatoka. Dereva akapiga honi. Niliita jina la mtoto pale mlangoni, kimya. Nikaita tena kwa sauti iliyowafanya watu wageuke, kimya. Niliyoyawaza wakati ule sitayaandika hapa. Nilimwambia yule mzee, "Baba, mtoto wangu haitikii," naye hakuniuliza swali hata moja. Aligonga ukuta kwa fimbo yake, akapaza sauti: "Wanaume, jisitirini, kuna mama anaingia!" Akatangulia, nikamfuata.

Mtoto alikuwa kwenye choo cha mwisho, nyuma ya mlango ambao komeo lake lilikuwa limeliwa na kutu. Mzee aliutikisa mara tatu ukaachia. Alikuwa amesimama wima, kaptula imefungwa vizuri, uso umelowa jasho, mgongo ameubana ukutani ili awe mbali na tundu. Sakafu ilikuwa imejaa maji.

"Kwa nini hukuitika nilipokuita?"

"Bibi kasema chooni watu hawasemi."

Sisi ni watu wa Buyenzi. Katika mtaa wetu mtoto hujifunza adabu za choo kabla hajajua kuhesabu vizuri: ingia kwa mguu wa kushoto, toka kwa wa kulia, soma dua kabla hujaingia, na ukishakuwa ndani usizungumze. Mama yangu alinifundisha mimi, nami nilisaidia kumfundisha yeye. Kwa hiyo alikuwa ametii kabisa. Alisikia sauti yangu mara zote mbili, akabaki mle ndani akiwa mtoto mwenye adabu.

Kabla ya siku hiyo, hofu yangu yote ilikuwa juu ya mtu mbaya. Hofu hiyo bado ninayo, na naamini ni ya haki. Lakini kilichomfungia mtoto wetu kilikuwa komeo, na kilichomtisha kilikuwa shimo. Mwaka 2014, huko Limpopo, Afrika Kusini, mtoto wa miaka mitano aitwaye Michael Komape alikufa baada ya kutumbukia katika choo cha shimo cha shule yake. Habari yake nilikuwa nimeisoma zamani na kuihesabu kuwa ya nchi nyingine. Sasa kila choo ninachomwingiza mtoto nakitazama chini kwanza: tundu lina upana gani, sakafu inateleza, ubao umeoza? Mtu mbaya namtafuta baadaye.

Niliporudi nyumbani nilimlaumu mama. Alikasirika. "Nani kakwambia asiseme hata akiwa anazama?" Akanikumbusha tuliyosomeshwa chuoni, kwamba kuzungumza chooni bila haja ni makruhu, lakini ukimwona kipofu anataka kutumbukia kisimani, unampigia kelele hata ukiwa humo humo ndani. Nikamuuliza mbona mtoto hakumwambia sehemu hiyo ya pili. Alinyamaza kidogo. "Sikudhani angekwenda chooni peke yake mapema hivi."

Wala mimi sikudhani.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuisifu tafsida. Msalani, maliwatoni, kujisaidia, haja ndogo, haja kubwa: naipenda staha hii ya lugha yetu, na sitaki kuiona ikifa. Ila kuna jina moja limeanza kunisumbua, nalo ni "sehemu za siri". Mtoto wa miaka sita anajua siri ni nini. Siri ni jambo ambalo humwambii mtu. Tunampa jina hilo, halafu tunatarajia kwamba mtu akimgusa hapo atakuja mbio kutuambia. Kwake nimeacha kulitumia. Nasema "mwili wako wa ndani ya nguo", na mwenzangu mmoja darasani amenicheka kwamba nimebadilisha neno zuri kwa sentensi nzima. Labda ni kweli. Lakini mtoto ameshaelewa kwamba wanaoweza kumsaidia zipu ni mama yake, baba yake, bibi na mimi, na kwamba mwingine akitaka kumsaidia, atoke mbio, hata kaptula ikiwa magotini, na aseme kwa sauti.

Suala la kuitika lilitatuliwa na mama mwenyewe. "Sisi tulikuwa tunakohoa," alisema. Zamani, choo cha uani kikiwa hakina mlango ila kipande cha gunia, anayekuja alikohoa na aliye ndani akajibu kwa kukohoa. Basi tukamfundisha: nikigonga, kohoa. Ukikwama au ukiogopa, achana na kukohoa, piga kelele uniite. Alifanya mazoezi siku tatu, nyumba nzima ikachoka.

Likizo iliyofuata tulipita njia ile ile. Mzee alikuwa bado pale na alitukumbuka. Nilimuuliza kama komeo limetengenezwa. "Bado, mwanangu. Aingie cha kwanza, chenyewe kinafungwa kwa kamba." Mtoto akaingia kwa mguu wa kushoto, nami nikasimama karibu na meza. Nikagonga ukuta. Akakohoa. Nikagonga tena, akakohoa mara mbili. Alipoendelea kukohoa bila mimi kugonga, mwanamume mmoja alitoka akijifuta mikono, akaniangalia kwa huruma.

"Dada, mtoto wako mpe dawa ya kifua."