Sauti Haisimamishi Gari

Nani asiyeipenda V8? Ikiunguruma mtaani hata bibi kizee huchungulia dirishani. Mimi ni mmoja wa wagonjwa hao. Kwa hiyo mjomba, ambaye ninaishi kwake hapa Houston, Texas, aliponiuliza atie injini gani kwenye Ford Mustang yake ya mwaka 1966, nilijua jibu analolitaka.

Gari lenyewe lilitoka kiwandani na silinda sita, lita 3.3, nguvu za farasi 120. Mashine ya upole, ya kwenda sokoni na kurudi. Washikaji zake wa gereji wanamcheka: "Mzee, hiyo cherehani!" Wanamtaka aweke Coyote, V8 ya lita 5.0 ambayo Ford waliitia kwenye Mustang za mwaka 2011 ikiwa na farasi 412. Kutoka 120 hadi 412! Mate yalinidondoka.

Nikachukua tochi, nikalala chini ya gari. Huko chini, msomaji, ndiko uliko ukweli. Mustang za silinda sita za miaka ile zina nati nne kila gurudumu. Za V8 zina tano. Breki zake za dramu ni ndogo, na difu yake ni nyepesi. Yaani Ford wenyewe walipotia injini kubwa, hawakuishia kwenye injini. Tena Coyote ni pana mno: haiingii mpaka ukate kuta zinazobeba springi za mbele. Ukishakata, umekata.

Kubwa zaidi ni masta silinda. Ya 1966 ina njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yamekwisha kazi. Mustang zilipata njia mbili mwaka 1967.

Na kila Jumamosi binti yake wa miaka tisa hukaa kwenye gari hilo akiimba.

"Mjomba," nikamwambia, "tutie V8 302. Ni ukoo mmoja na ile 289 iliyouzwa kwenye Mustang za 1966, inaingia bila kukata kitu. Lakini kwanza breki za diski mbele, masta silinda ya njia mbili, na difu. Injini baadaye."

"Mpwa wangu, pesa ikiishia kwenye breki je?"

"Utaendesha cherehani inayosimama."

Hakucheka. Alikaa kimya siku mbili, bwana, akiniitikia shikamoo kwa mkato. Siku ya tatu akaagiza breki. Pesa ya injini bado inakusanywa, na gereji bado wanamtania.

Wewe unayeota mngurumo, kusanya senti zako, ndoto si dhambi. Ila kabla hujanunua mashine, inama kwanza uhesabu nati za gurudumu.